Msiba Usio na Matanga: Namna ya Kumwelewa na Kumsaidia Mtu Aliyeasiliwa

Katika vijiji vingi vya Rungwe, Njombe na Mufindi, hapa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kikao cha ukoo kinachofanyika baada ya kuanua matanga ndicho mahali ambapo siri ya familia hukosa pa kujificha. Marehemu amekwisha kuzikwa, wageni wa mbali wamerudi kwao, na wazee waliobaki wanahesabu mashamba, miti, ng'ombe na madeni. Ndipo baba mdogo mmoja anaposema, bila hata kupaza sauti, kwamba fulani si wa damu, na mtu mzima mwenye familia yake anatambua mbele ya ndugu wote kwamba wale aliowaita baba na mama kwa miaka 40 walimchukua akiwa mchanga. Kinachomchoma zaidi, kwa kawaida, si mgawo wa shamba. Anapozitazama nyuso zilizomzunguka anaona kwamba hakuna aliyeshtuka isipokuwa yeye.

Kisa cha namna hiyo huhesabiwa kuwa ni suala la mirathi, na wazee wetu wana uzoefu mkubwa wa masuala ya mirathi. Upande wake wa pili, yaani kile kinachotokea ndani ya mtu aliyetengwa na waliomzaa na kulelewa na wengine, hauna kikao wala mzee wa kuusimamia. Makala haya yanahusu upande huo.

Kwanza neno lenyewe. "Kuasili" hutumika mitaani kwa mambo matatu yasiyofanana. Kisheria, mtoto huwa ameasiliwa pale tu mahakama inapotoa amri chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mahakama Kuu, ambayo katika ukanda huu ina masjala Mbeya na Iringa, ndiyo yenye mamlaka ya kutoa amri hiyo. Ustawi wa Jamii huchunguza na kutoa taarifa, na jina la mtoto huingizwa katika Rejista ya Watoto Walioasiliwa inayotunzwa na Msajili Mkuu kupitia RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Tangu hapo mtoto anahesabiwa kuwa wa wazazi wapya kama vile wamemzaa. Malezi ya kambo ni kitu kingine: ni malezi ya muda chini ya uangalizi wa Ustawi wa Jamii, nayo hayakati uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na waliomzaa. Jambo la tatu, ambalo ndilo la kawaida zaidi huku kwetu, halina karatasi yoyote. Bibi, shangazi, mama mkubwa au rafiki wa marehemu anamchukua mtoto, anamlea, pengine anampa jina la nyumba yake, na hakuna mahakama iliyowahi kuarifiwa. Mtoto huyo hakuasiliwa kisheria hata kama alipendwa kuliko waliozaliwa humo, na ndiyo maana baba mdogo wa kikaoni hupata upenyo wa kusema. Lakini jeraha la kutengana halisubiri karatasi, kwa hiyo nitawazungumzia wote watatu pamoja.

Nyanda za Juu Kusini zina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa watu wa miaka 15 na kuendelea yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, ugonjwa huo ulivunja nyumba nyingi, na watoto waliobaki wakagawanywa kwa ndugu, mara nyingine kila mmoja na kwake. Hawa sasa ni watu wazima. Ni madereva wa malori Makambako, walimu Mbarali, wafanyabiashara Tunduma, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba yale waliyoyapitia yana jina.

Jina hilo ni kiwewe. Katika lugha ya kila siku kiwewe ni ile hali ya kupagawa kwa ghafla, lakini wataalamu wa afya ya akili wanalitumia neno kwa jeraha linalobaki baada ya tukio lililozidi uwezo wa mtu wa kulistahimili. Mtu mzima aliyenusurika ajali ya basi katika mteremko wa Kitonga anaweza kuusimulia mkasa wake. Mtoto wa miezi minane aliyeondolewa mgongoni mwa mama yake hawezi, kwa sababu hakuwa na maneno ya kuuhifadhia. Anachohifadhi ni hali ya mwili: moyo kwenda mbio mlezi anapotoka chumbani, usingizi wa mang'amung'amu, tumbo kukaza kila sauti za wakubwa zinapopanda. Akikua, mwili unaendelea kukumbuka jambo ambalo yeye mwenyewe hana picha yake kichwani.

Baadhi ya maarifa haya yalikusanywa si mbali na hapa. Kati ya mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama 26 na watoto wao katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, na kitabu alichokitoa mwaka 1967 kutokana na kazi hiyo kikawa mojawapo ya nguzo za elimu ya mfungamano wa mtoto na mlezi. Aliona kwamba mtoto humfanya mama kuwa kituo chake: hutambaa mbali naye, hugeuka kumtazama, hurudi akiogopa. Aliona pia kwamba mtoto anaweza kufungamana na mtu zaidi ya mmoja. Hilo lingepaswa kutufariji sisi tunaolea kwa ukoo, kwa maana mtoto aliyezoea mgongo wa bibi na wa mama mdogo hapotezi ulimwengu mzima mmoja wao anapoondoka. Shida inakuja pale migongo yote inapobadilika kwa siku moja, au inapobadilika mara nyingi, au isipokuwapo kabisa. Nchini Romania, mradi ulioanza mwaka 2000 katika jiji la Bucharest uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika makao ya kulelea watoto, na nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, wakapelekwa kulelewa katika familia. Waliohamia katika familia waliendelea vizuri zaidi, na kwa mambo kadhaa, ukiwamo mfungamano na mlezi, waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili walinufaika zaidi. Kwa hiyo familia ni dawa, na kuchelewa kuipata kuna gharama. Lakini hata dawa iliyofika mapema haifuti kilichotangulia.

Hapa ndipo penye fundo la mambo yote. Sisi hukumbuka alichopewa mtoto na kusahau alichopoteza. Anapoingia katika nyumba mpya, majirani huja kupongeza, kanisani au msikitini hutolewa shukrani, na picha hupigwa. Hakuna hata mmoja anayempa pole. Mtoto huyo amepoteza mama, pengine na ndugu, lugha ya kwao, harufu ya moshi wa jiko alilozoea na jina alilokuwa akiitikia. Kama wazazi wangekuwa wamekufa mbele yake na kuzikwa, tungekaa matanga. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss, aliyeanza kwa kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani, alieleza kwamba msiba mgumu kuliko yote ni ule usio na uhakika, ambapo mtu hayupo na hakuna anayeweza kusema kama amekufa. Mtu aliyeasiliwa huishi na msiba wa aina hiyo, kwa sababu mama aliyemzaa anaweza kuwa hai, anaweza kuwa mwanamke yule anayeuza ndizi stendi ya Tukuyu, na haiwezekani kumlilia mtu unayetumaini kukutana naye kesho.

Msiba usioruhusiwa kulia hutafuta njia nyingine za kutokea. Mtoto anaficha vipande vya ugali chini ya godoro ingawa chakula hakijawahi kukosekana katika nyumba hiyo. Mwingine anamkumbatia kila mgeni na yuko tayari kuondoka naye, jambo ambalo watu wazima hulisifu kuwa ni uchangamfu. Mwingine anavunja vitu siku moja baada ya kununuliwa nguo mpya, kana kwamba anataka kujua mapema ni siku gani atarudishwa. Na yupo ambaye hasumbui kabisa: anaamka kabla ya wote, anafagia uwanja, hachagui chakula wala kuomba kitu. Huyu wa mwisho ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, ingawa ndiye anayesifiwa zaidi na walezi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kuna watoto wanaojifunga kamba hiyo wenyewe kwa miaka kumi na mitano wakiogopa kwamba siku watakayokosea watakuwa wamejifukuza.

Msaada unaozingatia kiwewe huanzia katika namna ya kuuliza. Badala ya "mtoto huyu ana nini?" anayemsaidia hujiuliza "amepitia nini?" Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili na matumizi ya dawa za kulevya ilitoa mwaka 2014 maelezo yanayotumiwa sana: kuelewa jinsi kiwewe kilivyoenea, kuzitambua dalili zake, kuyaingiza maarifa hayo katika taratibu za kazi, na kujilinda usimjeruhi mtu mara ya pili. Hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kila siku bila nia mbaya. Mlezi anayemwambia mtoto aliyekosea "nitakurudisha ulikotoka" anadhani anatishia kama mzazi mwingine yeyote anavyotishia, lakini kwa mtoto huyu maneno hayo ni tukio ambalo limewahi kutokea. Mwalimu anayemchapa fimbo kwa kutosikiliza darasani anauongezea hofu mwili ambao haukusikiliza kwa sababu ya hofu. Kuzingatia kiwewe hakumaanishi kudekeza. Mtoto wa namna hii anahitaji sheria za nyumba zinazotabirika kuliko mtoto mwingine yeyote, pamoja na adhabu ambayo haihusishi kamwe kutengwa, kunyimwa chakula au kutishiwa kuondolewa.

Kuna neno moja linalowaumiza walioasiliwa kuliko matusi, nalo ni "shukuru". Mtoto aliyezaliwa katika nyumba hukosana na wazazi wake na mambo yakaisha. Aliyeasiliwa akikosana nao hukumbushwa kwamba bila wao angekuwa chokoraa. Na akisema kwamba angependa kumjua mama aliyemzaa, jambo hilo hutafsiriwa kuwa utovu wa shukrani, wakati huohuo tukiwa na methali isemayo mkataa kwao ni mtumwa. Tunamtaka asiukatae kwao na tunamkataza kuuliza kwao ni wapi. Upendo kwa waliomlea na shauku ya kuwajua waliomzaa vinaweza kukaa katika moyo mmoja bila kusukumana, na wazazi wengi wa kulea wangeliona hilo kama wasingekuwa wanaogopa kuachwa.

Hofu hiyo ndiyo mama wa siri, na siri ndiyo inayonifanya nikae zaidi katika sehemu hii. Huku kwetu siri ina sura kadhaa. Inayojulikana sana ni ya binti aliyepata mimba akiwa shuleni. Kwa miaka mingi binti kama huyo aliondolewa shuleni, na ni Novemba 2021 tu serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Familia nyingi ziliikabili aibu kwa njia moja: mtoto alilelewa na bibi yake kama kitinda mimba wake, na mama yake halisi akawa "dada" anayefanya kazi za ndani Dar es Salaam na kurudi Krismasi na zawadi. Kijiji kizima kinajua. Mtoto naye anahisi, kwa sababu dada huyo anamtazama kwa namna ambayo dada wengine hawamtazami, ila hana neno la kuuita ule mtazamo.

Watu wakiulizwa kwa nini hawasemi, hujibu kwamba mtoto hawezi kuelewa. Jibu hilo linanishangaza likitoka katika mikoa hii, kwa kuwa hapa tumekwisha kujifunza kumwambia mtoto jambo zito zaidi. Katika kliniki za CTC, yaani za matunzo na tiba kwa wanaoishi na Virusi vya UKIMWI, wauguzi na washauri wamekuwa wakiwaeleza watoto waliozaliwa na virusi kuhusu hali yao kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 likishauri kwamba mtoto wa umri wa kwenda shule aambiwe, na kwamba aliye mdogo zaidi aelezwe hatua kwa hatua kulingana na uwezo wake wa kuelewa. Mtoto mdogo huambiwa kwamba dawa zinawapa nguvu askari wa mwili wake. Baadaye anaambiwa kuna mdudu ambaye askari hao wanapambana naye. Baadaye zaidi, mdudu anapewa jina. Washauri waligundua kwamba watoto waliodanganywa kuwa wanakunywa dawa za kifua mara nyingi walikuwa wamekwisha kusoma maandishi ya kwenye kopo, na kilichobaki kwao ni kujua kwamba mama hasemi kweli.

Utaratibu huo unaweza kuhamishwa ulivyo. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kusimuliwa siku aliyochukuliwa: tulikuja kwa basi, mvua ilikuwa inanyesha, ulikuwa umefungwa kitenge cha njano, kuna mama mwingine aliyekuzaa. Hatashangaa, kwa sababu kwake kila kitu bado ni kipya. Akifikisha miaka saba au minane atauliza kwa nini mama huyo hakumlea, na swali hilo linahitaji jibu la kweli lisilo na hukumu. Mambo magumu zaidi, kama vile kubakwa, kufungwa jela au kutupwa, husubiri ujana, lakini yasizibwe kwa uongo uliotungwa. Ajali ya gari ambayo haikutokea ni uongo mwepesi kuutunga na mzito kuufuta, maana siku kijana atakapoenda kutafuta kaburi hatalikuta. Na anayetakiwa kusema ni mzazi anayemlea, kabla jirani, mtoto wa mjomba au mlevi wa kilabuni hajamtangulia.

Kutojua asili kuna madhara ya kawaida kabisa ambayo hayahitaji saikolojia kuyaeleza. Daktari anauliza kama kwao kuna kisukari au selimundu, na mgonjwa hana la kujibu. Mwalimu wa madarasa ya chini anawaambia watoto wachore mti wa ukoo, na mmoja anabaki na karatasi tupu. Ingetosha kama mwalimu angesema "wachoreni watu wanaoishi nanyi na wanaowapenda". Zito zaidi ni posa. Kwa watu ambao hawaoani ndani ya ukoo, swali la "ninyi ni wa wapi hasa?" ni la lazima, na kijana asiyejua ukoo aliotoka hubeba hofu ya kumwoa dada yake, hofu ambayo wengine huifanyia mzaha.

Nitahadharishe hapa dhidi ya kosa la upande wa pili. Si kila aliyeasiliwa ni mgonjwa, na wengi wanaishi vizuri. Utafiti maarufu wa Marekani uliotolewa mwaka 1998 kuhusu masaibu ya utotoni na afya ya ukubwani umewafanya baadhi ya watu kuwahesabia wenzao masaibu kama alama za mtihani, ingawa hesabu hiyo inaeleza hali ya kundi kubwa na haiwezi kutabiri maisha ya mtu mmoja. Kwa upande mwingine, tusidharau. Utafiti wa Minnesota uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba uwezekano wa vijana walioasiliwa kuwa wamewahi kujaribu kujiua ulikuwa takriban mara nne ya ule wa wenzao wasioasiliwa. Marekani si Iringa, na wengi wa vijana hao hawakujaribu. Lakini kijana aliyeasiliwa akisema amechoka kuishi, asijibiwe kwa mahubiri ya shukrani. Apelekwe hospitali, na kama ni mtoto, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure.

Utetezi nao una mitego yake. Mimi binafsi nimechoshwa na misafara inayofika katika makao ya watoto siku za sikukuu ikiwa na sukari, sabuni na kamera, ambapo watoto hupangwa mstari kushukuru na sura zao husambazwa mitandaoni kabla jua halijatua. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima, na picha itakuwa bado ipo. Utetezi wa kweli huanza kwa kuwauliza walioasiliwa wakiwa watu wazima wanataka nini, na mara nyingi majibu yao hayahusu sabuni. Wanataka ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe bila sababu. Wanataka mtoto asipewe jina jipya kana kwamba la kwanza lilikuwa uchafu. Wanataka afisa ustawi wa jamii asimalize kazi siku ya amri ya mahakama, kwani maswali makubwa huanza miaka kumi baadaye. Na wanataka kumbukumbu zitunzwe. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake wa kumzaa na familia pana, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema hivyo hivyo katika ibara ya 7, kadiri inavyowezekana. Haki hiyo haina maana kama faili limeliwa na mchwa katika stoo ya halmashauri.

Anayetaka kutafuta asili yake aanze na wanaomlea kama wako hai, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya alikochukuliwa, kisha makao aliyopitia. Kumbukumbu za mahakama na zile zinazounganisha rejista ya RITA na kuzaliwa kwake haziko wazi kwa kila mtu, hivyo ushauri wa mwanasheria unafaa. Asiende peke yake, na kabla ya safari azungumze na mtu juu ya milango inayoweza kufungwa usoni mwake, kwa sababu mama anayetafutwa anaweza kuwa ameolewa na mume asiyejua lolote.

Wapo ambao faili lao lina mstari mmoja: mahali alipookotwa, tarehe, na jina alilopewa na muuguzi wa zamu. Afisa mwenye busara hamwambii mtu huyo kwamba hakuna kitu. Humpeleka mahali hapo, iwe ni ngazi za zahanati au kivuli cha mti pembeni ya barabara, humwonyesha upande walikotokea waliomkuta, kisha hurudi kwenye gari na kumwacha asimame hapo kadiri atakavyo.